Sakafu ya Thomasin Rudd

Mchimba chumvi ya kutengenezea baruti hutambulika kwa ulimi. Udongo haupimi kwa macho wala kwa vidole. Anauchokoa, anauweka ulimini, anafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi wa harusi, kisha anatema. Ndivyo alivyofanya Jasper Gooch siku ya kwanza alipoingia katika nyumba ya kimea ya akina Rudd, walimooteshea shayiri ya kutengenezea bia, pale Hatchmere, jimbo la Essex. Hodi hakupiga. Alipiga goti katikati ya sakafu, akaingiza kisu, akaonja, akatabasamu.

"Tamu," alisema. "Hapa palikuwa zizi."

"La farasi," Nathan Rudd alijibu kwa adabu, maana mgeni alikuwa ameshika hati yenye muhuri wa Mfalme. "La marehemu baba."

"Mungu amrehemu, na farasi wake pia. Mkojo wa miaka mingi namna hii ndio mama wa baruti. Ondoeni shayiri yenu, tuanze kazi."

Thomasin, mke wa Nathan, alikuwa amesimama ukutani na koleo lake la mti. Shayiri ile ilikuwa imelowekwa, ikatandazwa, na sasa vijimizizi vyeupe vilikuwa vinachungulia. Kimea hakiondolewi hapo. Hugeuzwa taratibu, kutwa mara kadhaa, kisiote moto wala kisishikwe na baridi, mpaka siku ya kukaushwa tanurini. Na sakafu ndiyo kazi yenyewe. Ile ya akina Rudd ilikuwa ya mfinyanzi uliochanganywa na majivu na damu ya ng'ombe, ukakanyagwa kwa miguu mitupu hadi ukawa laini kama ngozi ya ngoma. Mtoto wa Hatchmere hufundishwa kutokanyaga kimea kinachoota kabla hajafundishwa sala. Hata mbwa wa kijiji kile walipita kando.

"Kimea kitakufa," Thomasin alisema.

"Mfalme ana maadui, bibi. Nao watakufa kwa baruti hiyohiyo. Huoni fahari?"

"Fahari hainyweki."

"Thomasin," Nathan alimzuia. "Ni amri ya Mfalme."

Wakachimba. Walichimba kutoka ukuta hadi ukuta, wakajaza mapipa yao, wakachukua mkokoteni wa Nathan kubebea udongo na majivu ya tanuri kuchemshia, wala asante hawakuacha. Kilichobaki ndani ya nyumba ni mashimo yaliyojaa maji. Nathan alikuwa na kifua kibovu tangu ujana. Majira yale ya baridi alilala humohumo, kitanda chake karibu na mashimo yale, akavuta ubaridi wake, na kabla ya Pasaka akazikwa. Hakuna aliyethubutu kusema mashimo yalimuua. Thomasin naye hakusema. Lakini tangu siku ya mazishi hakumwombea tena Mfalme kanisani. Kasisi alipofika hapo, yeye alifumba mdomo na kuangalia dari, na watu walimwona.

Kilichomkera zaidi hakikuwa mashimo. Mashimo yana mwisho, mtu huyafukia. Kilichomkera ni neno aliloliacha Gooch mlangoni alipokuwa anaondoka.

"Rudishia udongo mtupu, bibi. Usitandike jiwe, wala tofali, wala ubao. Ni marufuku ya Mfalme. Chumvi ni kama mmea, inaota tena. Baada ya miaka michache itakuwa imekomaa, nami nitarudi kuvuna."

Yaani Mfalme alikuwa amepanda shamba lake ndani ya nyumba ya mtu, na mwenye nyumba akaamriwa alitunze.

Thomasin aliikanyaga sakafu upya peke yake, sketi ameikunja magotini, akafanya kazi ya mumewe na yake. Miaka ile Mfalme alitawala bila Bunge. Alikuwa amewarudisha wabunge makwao na kufunga mlango. Alitoza kodi ya meli watu ambao hawajawahi kuona bahari, akawauzia rafiki zake haki ya kutengeneza sabuni, na aliyelalamika alikatwa masikio hadharani. Watu wa Hatchmere walijifunza kulalamika kwa mzaha, kwa sababu mzaha hauna mshitakiwa.

Bingwa wa mzaha huo alikuwa Sibyl Cotter, mfumaji, jirani wa ukuta kwa ukuta.

"Umesikia ya Thaxley?" alimwuliza Thomasin asubuhi moja, akining'inia juu ya ua. "Gooch kachimba kanisa."

"Kanisa?"

"Chini ya viti vya wanawake, shoga. Anasema mahubiri ya kasisi wao ni marefu, na wanawake hawana subira."

"Sibyl, una mdomo mchafu."

"Si mimi. Ni Mfalme. Kaweka na muhuri."

Thomasin alicheka mpaka akashika ua. Halafu akaacha kucheka, akarudi ndani kugeuza shayiri.

Hatimaye pesa zilimwishia Mfalme, vita vya kule Uskoti vikamshinda, akalazimika kuita Bunge. Habari ile ilipofika Hatchmere watu walikumbatiana njiani kama ndugu waliotoka kifungoni. Kila kijiji kikaandika malalamiko yake. Hatchmere walikutana kanisani, wanaume ndani, wanawake mlangoni, na aliyeongoza kikao alikuwa Ambrose Rudd, fundi viatu, mdogo wake marehemu Nathan. Mwaka ule uliofuata ndiye angekuja kuchaguliwa konstebo, kazi isiyo na mshahara ambayo hakuna aliyeitaka.

Yakatajwa maaskofu. Ikatajwa kodi ya meli. Ikatajwa sabuni. Thomasin akasukuma mabega ya watu akaingia.

"Na sakafu," alisema.

Wanaume waligeuka. Ambrose aliona haya kwa niaba yake. "Shemeji, hapa tunazungumza mambo ya nchi."

"Sakafu yangu iko nchi gani?"

"Namaanisha mambo makubwa. Haki. Dini. Bunge lina kazi nyingi, haliwezi kuanza kuhesabu mashimo ya kila mtu."

"Ambrose, ndugu yako alikufa pembeni ya shimo. Hilo nalo ni dogo?"

Ambrose aliinamisha kichwa, lakini sakafu haikuandikwa. Thomasin alitoka nje, na mlangoni Sibyl alimsikia akisema, kwa sauti ya mtu anayepanga kazi za kesho, "Isipoandikwa, basi itatandikwa."

Nyuma ya malisho ya Hatchmere kuna magofu ya nyumba ya watawa. Mfalme mmoja wa zamani aliwafukuza watawa akachukua mali yao, na tangu hapo kila mtu mwenye ukuta wa kuziba huenda kule kuchukua jiwe. Thomasin alikwenda na toroli. Alichagua mawe bapa, yale yaliyosuguliwa na viatu vya watawa, akayaleta mchana kweupe, akipita mbele ya kanisa na mbele ya karakana ya Ambrose.

"Shemeji, hayo mawe ya nini?"

"Ya kukanyagwa."

"Unajua ni marufuku."

"Najua. Wewe hujui. Hujaniona."

Ambrose alirudisha macho kwenye kiatu alichokuwa anashona.

Thomasin aliyapanga mawe moja moja juu ya mchanga, akaziba nyufa kwa chokaa, na alipomaliza alitandaza shayiri. Kimea cha kwanza kilimshinda. Jiwe lina baridi, na yeye alikuwa ametandaza kwa unene uleule wa siku za mfinyanzi. Shayiri ikalala usingizi, ikaota ukungu badala ya mizizi. Akaitupia nguruwe. Mara ya pili alirundika nene zaidi, akaifunika magunia, akaingiza mkono ndani kila alipopita kusikiliza joto lake. Ikaota. Ikaota vizuri kuliko siku zote za ndoa yake. Alikaa juu ya kizingiti akala kipande cha jibini na kitunguu, akiitazama sakafu yake kama watu wengine watazamavyo mtoto aliyelala.

Kisha, mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata, ikaja habari iliyomaliza mzaha. Mfalme alikuwa ameingia ndani ya Bunge na watu wenye panga, kukamata wabunge waliompinga. Wabunge walikuwa wameponyoka. Mfalme naye akautoroka mji wake mwenyewe wa London. Hatchmere watu waliacha kuulizana hali, walikuwa wanaulizana, "Wewe uko upande gani?" Na wote walijua kwamba pande zote mbili zilikuwa zinatafuta baruti.

Gooch alirudi mwezi wa tatu, mvua ikinyesha, na wachimbaji wanne na hati mpya. Kwa sheria alimpitia konstebo kwanza, kwa hiyo Ambrose alikuja nyuma yake, ameshika ile fimbo ndefu iliyopakwa rangi ambayo ndiyo alama ya kazi yake, akiibeba kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwingine.

Thomasin alikuwa anageuza shayiri, akipita juu ya ubao uliolazwa kando ya ukuta. Gooch alisimama kizingitini. Alitazama kimea, akatazama kilicho chini yake.

"Nani kakuruhusu kutandika mawe?"

"Nani kakuruhusu kuingia?"

"Hii hapa." Akainua hati.

"Ina muhuri wa nani?"

"Wa Mfalme, bibi. Kwani kuna mwingine?"

"Kuna Bunge."

Wachimbaji walichekacheka. Gooch hakucheka, hakuwa mjinga. "Bunge limejaa wanasheria," alisema. "Jaribu kuwasha mwanasheria uone kama atalipuka."

"Yuko mmoja au wawili," Sibyl alisema kutoka nje. Alikuwa amekwisha fika, kichwa amejifunika gunia kwa ajili ya mvua, na nyuma yake wanawake wengine walikuwa wanazidi kuja, kila mmoja na kazi yake mkononi. Walijaa mlangoni. Hakuna aliyevuka, kwa sababu kimea kilikuwa kimetandazwa.

Gooch aliliona hilo pia. Alishusha sauti, akawa mpole.

"Bibi Rudd, mimi si mnyama. Najua kazi yako. Nikianza kung'oa mawe leo, kimea hiki chote kimekwenda, na majira ya kimea yanakaribia kwisha. Tuelewane. Maliza shayiri yako. Kausha, uza. Halafu uyaondoe mawe wewe mwenyewe, uniachie udongo wangu. Sema 'ndiyo' mbele ya konstebo, nami naondoka sasa hivi."

Ambrose alipumua kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Shemeji, huyo kasema kiungwana. Sema ndiyo. Neno moja linakugharimu nini?"

Thomasin aliitazama shayiri. Ilikuwa katika siku yake bora kabisa, mizizi imejikunja, punje zimevimba, na harufu ya tango bichi ilikuwa imejaa nyumba nzima. Kimea kile ndicho kingemlisha mpaka mavuno. Aliliwaza lile neno moja. Mara ya kwanza Gooch aliichukua sakafu kwa nguvu, na kilichochukuliwa kwa nguvu mtu hukidai. Akisema ndiyo leo, mbele ya konstebo, mbele ya majirani, atakuwa ameitoa kwa kinywa chake. Mawe atayang'oa kwa mikono yake. Na udongo, huyu mtu ameshauita udongo wake. Ndivyo nchi nzima ilivyokuwa imekwenda, ndiyo moja baada ya nyingine, kila mtu akiokoa kimea cha mwaka huu.

Alishuka kutoka kwenye ubao. Akaweka kiatu chake, chenye matope, katikati ya shayiri.

Ilisikika. Punje zililia chini ya soli kama changarawe. Wanawake mlangoni waliguna wote kwa pamoja.

"Ingieni," Thomasin alisema.

"Shoga, kimea," Sibyl alinong'ona.

"Nimekiona. Ingieni."

Sibyl alivuka wa kwanza. Alikanyaga kwa ncha za vidole, uso ameukunja kama mtu anayepita juu ya kaburi. Thomasin alimshika mkono akamvuta mpaka katikati, na Sibyl akaketi, akatoa sufu yake akaanza kusokota. Wakafuata wengine. Waliketi juu ya mawe, juu ya shayiri iliyopondeka, sketi kwa sketi, hadi pasionekane pa kuingiza jembe. Wa mwisho alikuwa Grissell, mke wa Ambrose, ambaye hakumtazama mumewe.

Gooch alikuwa amekunja uso. Kitu pekee alichokuwa nacho cha kutishia kilikuwa kimepondwa na mwenye mali. "Umeharibu mali yako kwa mikono yako," alisema.

"Ni yangu. Ndiyo maana naweza."

"Konstebo, waondoe hawa."

Ambrose alisogea hatua moja. Grissell akainua macho.

"Anza na mimi, Ambrose. Ila leo utajipikia."

Wanawake walicheka, na baadhi ya wachimbaji nao. Ambrose hakucheka. Alikuwa anatazama mahali pale ambapo zamani kitanda cha ndugu yake kilikuwa kimesogezwa kukwepa maji. Gooch akamgeukia.

"Konstebo, umeapa."

"Nimeapa," Ambrose alisema. "Nimeapa kulinda amani ya Mfalme hapa Hatchmere. Basi nakwambia, Bwana Gooch, amani ilikuwepo kabla hujaja."

Akailaza ile fimbo juu ya mawe, kwa uangalifu, akaketi kando yake. Hakuna aliyemtania kwa hilo, hata Sibyl.

Gooch aliwaamuru watu wake wang'oe mawe karibu na mlango. Walikuwa vibarua wa kijiji cha jirani, na mama zao pia walikuwa na sakafu. Mmoja aliegemeza jembe ukutani na kusema mvua imezidi. Wengine wakakubaliana kwamba kweli, mvua imezidi, ingawa walikuwa ndani ya nyumba.

"Nitarudi na askari," Gooch alisema.

"Rudi na Bunge," Thomasin alimjibu.

Hakurudi. Askari wote walikuwa wanahitajiwa kwingine. Shayiri ile walikula nguruwe, na majira yale ya kuchipua Thomasin alikula mkate wa njegere, ule wanaolishwa farasi, siku nyingi bila siagi. Hakuna aliyemsikia akijuta. Alipoulizwa na kasisi kama hakuona kwamba alimpinga mpakwa mafuta wa Mungu, alijibu kwamba yeye hakumwona Mungu katika lile kundi, alimwona Gooch tu.

Majira ya joto yalipokwisha Mfalme alikuwa amepandisha bendera yake ya vita kule Nottingham, na Bunge lilikuwa na jeshi lake. Ambrose alijiunga nalo. Kabla shayiri mpya haijaanza kulowekwa alirudi Hatchmere akiwa na utepe wa rangi ya chungwa begani, alama ya jeshi lile, ameongozana na nahodha kijana aliyeacha masomo Cambridge, na watu wenye majembe.

Thomasin alikuwa anapaka chokaa nyufa za sakafu. Aliinuka, akaenda kusimama mlangoni.

"Mama," nahodha alisema, macho yakimwaka, "nimesimuliwa habari zako njia nzima. Wewe ndiye sababu ya vita hivi. Tunapigana na dhuluma ileile iliyokuumiza. Lakini tunahitaji baruti, na bila chumvi hakuna baruti." Akatoa karatasi. "Hii ni hati ya Bunge."

"Naiona."

"Basi tupishe, mama."

"Una mdomo mzuri, mwanangu. Kwa nini ulileta karatasi?"

Nahodha alichanganyikiwa. "Mama, hii si hati ya Mfalme. Hii ni ya wananchi. Ni yako."

"Sakafu haijui kusoma. Ikichimbwa, imechimbwa."

"Sisi tunapigania uhuru wako!"

"Basi anzia hapa, ndipo nilipo."

Kijana akawa mwekundu mpaka masikioni. Alimgeukia Ambrose kutafuta msaada. Ambrose alikuwa anachunguza ncha ya kiatu chake.

"Mwombe, nahodha," alisema bila kuinua kichwa.

"Nimwombe? Nina amri ya—"

"Na yule mwingine alikuwa nayo."

Nahodha alikunja ile hati, akaifunua, akaikunja tena, akaitia ndani ya koti. Alipoanza kusema alisema vibaya, kama mtu anayejaribu lugha ya kigeni. "Tunaomba udongo," alisema.

"Wa wapi?"

"Wa... popote utakapotupa."

Thomasin alimwelekeza kwa kidevu. "Nyuma kule, zizi la ng'ombe. Nimewapa mimi. Mkimaliza fukieni, ng'ombe wangu asivunjike mguu. Humu ndani hamwingii."

"Na tukihitaji zaidi?"

"Mtaomba tena. Nami naweza kukataa."

Watu wake walibeba majembe wakazunguka nyuma ya nyumba, na Ambrose akawafuata, akigusa kofia alipompita shemeji yake. Thomasin alibaki mlangoni, mikono yote miwili kwenye miimo, vidole vikiwa na chokaa mbichi, akawahesabu kwa macho mmoja mmoja mpaka wa mwisho alipokata kona. Hapo ndipo alipogeuka kumalizia ufa wake.